Motokaa Isiyo na Dereva: Nani Kirangozi Wake?

Katika baadhi ya miji ya Marekani mtu aweza leo kuita taksi, ikaja mpaka mlangoni pake, akaingia, akaketi na kufunga mkanda, nayo ikaondoka, hali katika kiti cha dereva hapana mtu. Usukani wajizungusha wenyewe. Taa nyekundu ikiwaka, motokaa yasimama. Mtoto akikatiza, yapunguza mwendo. Taksi za namna hiyo, za kampuni iitwayo Waymo, zilifunguliwa kwa watu wote katika mji wa Phoenix mwezi wa Oktoba 2020, na baadaye zikaingia San Francisco na Los Angeles. Huko Dubai treni za mjini zimekuwa zikienda bila dereva tangu Septemba 2009, na ndugu zetu wengi wa Unguja, Pemba na Mombasa waliokwenda huko kutafuta riziki wamezipanda asubuhi na jioni bila kushtuka.

Wako watakaosema kwamba habari hizi hazimhusu mtu wa Tabora. Watasema kwamba njia zetu zina baiskeli zilizopakiwa magunia ya mkaa, zina bodaboda, bajaji na ng'ombe, na kwamba motokaa ya namna hiyo ingeshindwa kutoka stendi kabla jua halijapanda. Huenda wakawa na haki kwa leo. Lakini mwaka 1904 mtu wa Unyanyembe naye angaliweza kusema hivyo hivyo juu ya garimoshi. Reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Kazi ya upagazi, iliyokuwa imewalisha maelfu ya Wanyamwezi na kulijulisha jina lao mpaka pwani, ilianza kupungua reli ya Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, na baada ya reli yetu kufika Kigoma na ziwa haikuwa tena na maana kubwa. Wapagazi hawakuulizwa neno.

Kwa hiyo yatupasa sisi watu wa njia hii kuyatazama mambo ya mitambo inayojiendesha mapema kidogo, kabla hayajatukuta kama yalivyowakuta babu zetu. Nasi tuna jambo ambalo wengine hawana: tumekwisha kuona mara moja jinsi kazi ya safari inavyotoka katika mabega ya watu na kuingia katika chuma.

WAPAGAZI NA DESTURI ZAO

Wazungu Burton na Speke walipofika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani siku 134 tangu kuondoka pwani. Katika vitabu vya Ulaya safari ile huitwa safari yao. Lakini njia haikuwa yao. Ilikwisha kufunguliwa na kukanyagwa na Wanyamwezi kwa miaka mingi, wakishuka pwani na pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama ratili 60 au 70, nao aliubeba begani au kichwani kutwa, jua na mvua.

Msafara ulikuwa na utaratibu wake. Mbele alitangulia kirangozi, mwenye bendera nyekundu na mavazi ya kumtofautisha na wengine. Mara nyingi wapagazi wenyewe ndio waliomkubali awe kiongozi wao. Njia zikigawanyika, kazi ya kirangozi ilikuwa kuziba ile isiyopitwa, kwa mstari au kwa matawi, ili walio nyuma wasipotee. Nyuma yake walikuwako wanyapara. Kila mpagazi alijua haki yake ya posho, na neno hilo posho tunalolitumia hata leo katika vikao vyetu ni la njiani, lilikuwa chakula cha msafiri au nguo za kukinunulia. Mzigo ukizidishwa kupita desturi, au posho ikipunjwa, wapagazi waliweka mizigo chini wakakataa kuendelea. Mwanachuoni Stephen Rockel, katika kitabu chake juu ya wapagazi kilichotoka mwaka 2006, ameonyesha kwamba watu hawa walikuwa wafanyakazi wa mshahara kwa maana kamili, wenye heshima ya kazi yao na njia zao za kudai haki, zamani sana kabla ya chama chochote cha wafanyakazi kuandikishwa katika nchi hii.

Twasema haya ili ieleweke kwamba safari haikuwa tu kuhamisha kitu kutoka hapa kwenda pale. Ilikuwa pia maafikiano baina ya watu: nani aongoza, nani abeba, nani alipa, na nani atajibu mzigo ukipotea. Maswali hayo manne ndiyo tutakayoiuliza motokaa isiyo na dereva.

BARABARA NI MAZUNGUMZO

Mtu anayeendesha gari katika miji yetu haendeshi kwa macho na miguu peke yake. Anazungumza. Dereva wa lori akiwasha taa mara mbili, mwenziwe aelewa kwamba mbele kuna hatari. Utingo akitoa mkono dirishani na kuupunga taratibu, gari la nyuma lajua lisipite. Mama mwenye ndoo kichwani anayetaka kuvuka hutazama kwanza uso wa dereva. Akiona ametikisa kichwa, avuka. Mwenye baiskeli husogea pembeni, naye dereva hupiga honi kidogo, honi ya kushukuru, ambayo kila mtu aitofautisha na honi ya hasira. Sheria zimeandikwa, lakini salama ya kila siku yategemea sana maneno haya yasiyoandikwa.

Sasa motokaa isiyo na mtu haina uso wa kutazamwa. Mafundi wameliona tatizo hili. Mwaka 2016 kampuni moja ya Sweden ilionyesha mfano wa gari lenye taa ya mbele iliyochora tabasamu, ili mwenda kwa miguu ajue kwamba ameonekana na aweza kuvuka. Ni jambo la kuchekesha, lakini lina maana kubwa: hata wenye mitambo wamekiri kwamba watu hawawezi kuishi na chombo kisichojua kusalimu.

Watu nao hawakukaa kimya. Huko San Francisco mwaka 1923 haungalikuwa na habari kama hizi. Mwaka 2023 wananchi waliochoshwa na taksi zisizo na dereva waligundua kwamba koni ya barabarani ikiwekwa juu ya boneti motokaa hiyo husimama palepale, imepotewa na akili, wakaanza kuziwekea koni usiku baada ya usiku. Mwezi wa Februari 2024 kundi la watu liliivamia moja katika mtaa wa Wachina wa mji huo na kuichoma moto. Hatusifu uharibifu wa mali. Lakini mtu mwenye busara hujiuliza kwa nini mwananchi wa nchi tajiri aione motokaa kama adui. Jawabu moja li wazi: chombo kiliwekwa katika barabara za umma na watu wa mtaa wakaona hawakushirikishwa.

LAWAMA ILIMWANGUKIA NANI?

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona, mwanamke mmoja alikuwa akivuka barabara huku akikokota baiskeli. Motokaa ya majaribio ya kampuni ya Uber, iliyokuwa ikijiendesha, ilimgonga, akafa. Wachunguzi wa Serikali ya Marekani walieleza mwaka 2019 kwamba mtambo ulimwona sekunde kadhaa kabla, lakini ulikuwa ukibadili mawazo: mara ni gari, mara ni kitu kisichojulikana, mara ni baiskeli. Haukutengenezwa kumtazamia mtu anayevuka mahali pasipo kivuko. Tena breki ya dharura iliyokuja na gari kutoka kiwandani ilikuwa imezimwa wakati mtambo ukiendesha.

Hebu msomaji na alifikirie neno hilo, mtu anayevuka mahali pasipo kivuko, akiikokota baiskeli, usiku. Huyo ni nani kama si mkulima wetu arudiye kutoka mnadani? Katika mkoa huu ndiye kila mtu. Mtambo uliofundishwa njia za Arizona ulishindwa kumtambua mtu wa namna hiyo kulekule Arizona. Ukiletwa hapa bila kufundishwa upya, utamtambua nani?

Na lawama je? Katika motokaa ile alikuwamo mwajiriwa, kazi yake kuutazama mtambo na kushika usukani ikiwa lazima. Ilionekana kwamba alikuwa akitazama simu. Mwezi wa Machi 2019 waendesha mashtaka walisema hawakuona msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Mwajiriwa alishtakiwa, na mwaka 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 chini ya uangalizi. Hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Lakini wachunguzi walewale walilaumu pia uzembe wa kampuni katika mambo ya usalama. Mtu aliwekwa akitazame chombo kilichosemwa kwamba chajiweza, saa baada ya saa bila kufanya neno, kisha akatakiwa katika nukta moja awe macho kuliko mtambo wenyewe. Kila mfanyakazi aliyepata kulinda mashine usiku ajua kwamba hiyo ni kazi ngumu kuliko kuiendesha.

Hapa kwetu tumekwisha kuonja sehemu ndogo ya jambo hili. Mabasi ya mikoani, yakiwamo yanayokuja Tabora na kupita kwenda Kigoma, yamefungwa vifaa vya kufuatilia mwendo vinavyosimamiwa na mamlaka ya LATRA. Basi likizidi kilomita 80 kwa saa habari zaingia katika kumbukumbu. Ni jambo jema, na limeokoa roho za watu. Hata hivyo LATRA imepata kutangaza hatua dhidi ya mabasi yaliyochezewa vifaa hivyo. Dereva akikamatwa huadhibiwa, na ni haki. Lakini lazima pia tuulize: ni nani aliyepanga saa za kufika ambazo haziwezekani kwa mwendo halali? Kifaa kinamwona dereva. Hakimwoni tajiri wake akipiga simu. Chombo cha kuangalia kikimwangalia mtu wa chini peke yake, hakijawa chombo cha usalama wa wote.

MIKONO ISIYOONEKANA

Tena ni kosa kudhani kwamba motokaa isiyo na dereva haina watu. Ili itambue mtoto, mbwa, alama ya njia au shimo, lazima kwanza ionyeshwe picha nyingi sana ambazo binadamu amechora mistari kuzunguka kila kitu na kukiandika jina. Kazi hiyo inafanywa na nani? Sehemu yake imefanywa Afrika Mashariki. Mwaka 2018 shirika la utangazaji la BBC lilieleza habari za vijana wa Nairobi, baadhi yao wakaao Kibera, waliokuwa wakikaa mbele ya kompyuta kutwa wakichora mistari hiyo kwa ajili ya makampuni makubwa ya ng'ambo. Malipo yao yalikuwa takriban dola 9 kwa siku. Baadhi yao walisema kazi ile iliwainua kuliko vibarua walivyokuwa wakifanya kwanza, na hatuna sababu ya kuwakanusha. Lakini abiria wa San Francisco akifumba macho katika taksi yake hajui kwamba macho yanayomwongoza yalifunzwa Nairobi.

Na taksi hizo zikitatizika njiani, huomba msaada kwa watu waliokaa ofisini mbali, wakitazama kwa kamera na kuishauri motokaa ipite wapi. Basi dereva hakuondoka. Amehamishwa, amefichwa, na pengine amepunguziwa jina na mshahara.

Sisi wa njia ya misafara tunaijua hadithi hiyo. Sidi Mubarak Bombay alisafiri na Burton na Speke, kisha na Speke na Grant, kisha na Stanley, kisha na Cameron mpaka pwani ya magharibi ya bara hili. Ni wangapi shuleni wanaolijua jina lake? Chuma na Susi, pamoja na wenzao, waliuchukua mwili wa Livingstone mwaka 1873 kutoka Chitambo, wakapita Unyanyembe, mpaka Bagamoyo. Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayepanda hauoni uzito wa anayebeba, na mtambo unazidi kuufanya usionekane.

Tusisahau pia kwamba garimoshi halikuuondoa mzigo mabegani moja kwa moja. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, miaka miwili tu baada ya reli kufika hapa, majeshi yalikwenda mahali ambapo reli haikufika, na mamia ya maelfu ya Waafrika wakatiwa tena mizigo, safari hii wengi kwa kulazimishwa. Makumi ya maelfu walikufa, zaidi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi hicho cha wabebaji. Mashine ilikuwapo, na bado binadamu asiye na sauti ndiye aliyefanywa mnyama wa mzigo. Lililokosekana lilikuwa haki yake ya kuweka mzigo chini na kukataa, ile ambayo mpagazi wa zamani alikuwa nayo.

ROBOTI KAMA MGENI

Liko jambo lingine, nalo ni jinsi mioyo ya watu inavyoupokea mtambo uliopewa sura au sauti ya mtu. Huko Marekani mwaka 1966 mwanachuoni Joseph Weizenbaum alitengeneza programu ya kompyuta iliyojibu maneno ya mtu kwa kumrudishia maneno yake kama swali. Alishangaa kuona mwandishi wake, aliyejua vema kwamba ni mashine, akimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Ndivyo binadamu tulivyo: kitu kikitujibu, twakiona kina roho.

Karibu nasi mifano ipo. Huko Kinshasa, tangu mwaka 2013, mhandisi Thérèse Izay na wenzake walisimamisha njia panda roboti kubwa za kuongoza magari, zinazotumia nguvu za jua, zenye mikono ya kuashiria simama na nenda. Baadhi ya madereva waliwaambia waandishi wa habari kwamba waliziheshimu kuliko askari, kwa kuwa hazikuomba kitu. Sifa hiyo ni ya roboti, lakini ni shtaka kwa binadamu. Nayo isitufanye tudhani kwamba dawa ya askari asiye mwaminifu ni kumwondoa askari. Huko Rwanda, mwezi wa Mei 2020, roboti 5 zilipelekwa kusaidia katika vituo vya kutibu ugonjwa wa Korona, kupima joto na kupunguza hatari kwa wauguzi. Zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Ni jambo la kuangalia kwamba wenzetu hawakuzipokea kwa namba tu, bali kwa majina, kama mtu anavyompokea mgeni nyumbani.

Huko Kanada wataalamu walitengeneza roboti ndogo iitwayo hitchBOT, iliyojua kuzungumza kidogo lakini haikujua kutembea. Waliiweka kando ya barabara ili wapita njia waichukue katika magari yao. Mwaka 2014 ilivuka Kanada nzima kwa fadhila za watu. Mwaka uliofuata ikaanza safari Marekani, na tarehe 1 Agosti 1915 ingalikuwa habari ya ajabu, lakini tarehe 1 Agosti 2015 ilikutwa Philadelphia imevunjwavunjwa. Watu wengi walisikitika kana kwamba amekufa mtu.

Katika njia yetu mgeni alikuwa na namna yake ya kupokewa. Watu wa makabila mbalimbali waliokutana katika misafara walijenga utani, Wanyamwezi na Wazaramo na wengine, hata mtu wa mbali akawa na wa kumzika na wa kumchokoza. Utani una masharti: mtani huchukua, lakini naye huchukuliwa, hucheka, lakini siku ya msiba hufika. Roboti yaweza kufundishwa kucheka. Haiwezi kudaiwa. Anayeweza kudaiwa ni yule aliyeituma, na huyo ndiye tunayetakiwa kumjua kwa jina kabla hatujaifungulia mlango.

YANAYOTUPASA

Mkataba wa kujenga reli mpya ya umeme kutoka Makutupora hadi Tabora ulitiwa saini Desemba 2021, na mwaka 2024 treni za umeme zilianza kuwachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, zikienda mpaka kilomita 160 kwa saa. Dereva yumo, lakini kazi yake si ile ya dereva wa garimoshi la makaa. Sehemu kubwa ya kazi imeingia katika mitambo na vyumba vya kuongozea treni. Mabadiliko hayangoji taksi ya Marekani. Yamekwisha kuja kwa njia ileile waliyokuja nayo wapagazi.

Basi haifai kuyakataa kwa hofu, wala kuyapokea kama watoto wanaokimbilia kitu king'aacho. Gari linaloweza kuzuia dereva aliyesinzia asiue abiria hamsini ni baraka. Yafaa lakini tuyashike yale maswali manne ya msafara. Chombo chochote kitakachopewa ruhusa ya kujiendesha katika barabara za umma kiwe na mwenye kujibu, anayejulikana, aliye katika nchi, ambaye hawezi kumsukumia lawama kibarua wa mwisho. Kifundishwe njia zetu, na baiskeli zetu, na mama mwenye ndoo, kabla ya kuachiwa. Watu wanaokifundisha, wawe Nairobi au Tabora, walipwe kama wafanyakazi. Na madereva, utingo na makondakta waitwe katika mazungumzo mapema, kwa vyama vyao, wakati neno lao lingali na uzito. Mwaka 1912 watu wa kazi ya njia walipata habari walipoona moshi.

Vyama vya wafanyakazi na viongozi wa mkoa waweza kuanza na jambo dogo lililo mikononi mwetu sasa: vile vifaa vya mabasi. Kumbukumbu zake ziwekwe wazi, dereva aweze kuzisoma na kujitetea kwazo, na saa za safari zipangwe kwa mwendo ulio halali, ili tajiri na dereva wapimwe kwa kipimo kimoja. Tukiweza kulitengeneza hilo kwa chombo kinachomwangalia dereva, tutakuwa na maarifa ya kutumia siku kitakapokuja chombo kisichomtaka dereva kabisa.